Amekaidi zuio la korti na bado auza kwa nembo yako: ombi la dharau, mashtaka ya jinai, au suluhu?

Kuna mama mmoja wa Kisauni auza achari ya embe. Chupa zake zina jahazi jekundu lililotweka tanga, na chini yake jina lililochorwa na mwanawe. Alama hiyo aliisajili alipochoka kuambiwa na wenye maduka wa Kongowea kwamba kuna achari nyingine ya jahazi, tena bei nafuu. Baadaye alimshtaki mwenye hiyo nyingine katika Mahakama Kuu hapa Mombasa, akapata amri ya zuio. Juzi aliingia ofisini kwetu, akatua kikapu juu ya meza yangu, akatoa chupa mbili akaziweka bega kwa bega.

“Mwanangu, yule kijana hajakoma. Tazama, jahazi kaligeuza ngalawa. Sasa nataka afungwe.”

“Shikamoo mama. Wataka afungwe, ama wataka achari yake itoke madukani?”

“Kwani si kitu kimoja?”

Si kitu kimoja. Mimi ni karani wa wakili, si wakili, lakini kwa miaka niliyobeba mafaili kwenda na kurudi kortini nimeona wafanyabiashara wengi wakichagua njia kwa hasira, kisha wakailipia hasira yenyewe. Mtu anayekaidi zuio katika kesi ya alama ya biashara aweza kufuatwa kwa njia tatu: kurudi mbele ya jaji yule yule na ombi la dharau ya mahakama, kumpeleka kwenye mkono wa jinai, hasa kupitia Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, au kukaa kitako mkapatana na mapatano yakapigwa muhuri wa korti. Nitazilinganisha kama nilivyomlinganishia mama, na ile iliyo na mitego mingi nitaikalia zaidi.

Kabla ya yote, tazama tarehe

Kabla hujauliza njia ipi, toa amri yako kwenye bahasha uisome. Kanuni za mashauri ya madai za 2010, Agizo la 40, zina saa inayokwenda kimyakimya. Zuio lililotolewa upande wa pili ukiwa hayupo huishi siku 14 tu, na ni lazima limfikie mdaiwa ndani ya siku 3. Zuio lililotolewa baada ya pande zote kusikizwa nalo huanguka lenyewe iwapo kesi haijakwisha ndani ya miezi 12, isipokuwa korti iwe imeona sababu ya kuliendeleza. Nimeshuhudia mtu akija na picha hamsini za bidhaa bandia, zote zilizopigwa mwezi mmoja baada ya zuio kufa. Jaji hawezi kumwadhibu mtu kwa kukiuka amri isiyokuwepo.

La mama lilikuwa limebakisha miezi miwili. Tukashusha pumzi.

Jambo la pili la kutazama ni cheti. Wengi wana cheti cha jina la biashara walichokitoa Huduma Centre wakidhani ndicho cheti cha alama. Jina la biashara ni kitu kimoja. Alama ya biashara ni kitu kingine, husajiliwa katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, yaani KIPI, kwa miaka 10 inayoweza kuhuishwa. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, kifungu cha 5, haimruhusu mwenye alama isiyosajiliwa kushtaki kwa kuingiliwa alama. Hata hivyo haimwachi mikono mitupu. Bado aweza kushtaki kwamba mwenzake auza mali kwa kujifanya ni yeye, na akipata zuio kwa njia hiyo, zuio lake lina nguvu sawasawa na la mwenye cheti. Kwenye dharau, kinacholindwa ni amri ya jaji. Cheti chako hakiulizwi tena. Kwenye mkono wa jinai mambo hugeuka: bila cheti utahangaika.

Ombi la dharau

Hii ndiyo njia ya mwanzo kufikiriwa, nayo ndiyo inayoangusha watu wengi. Hufungui kesi mpya. Wakili wako aweka ombi ndani ya faili ile ile, kwa hati ya kiapo, akisema: korti iliamuru hivi, huyu alijua, naye kafanya kinyume.

Sheria inayosimama nyuma yake ina kisa chake. Bunge lilipitisha Sheria ya Kudharau Mahakama mwaka 2016, ikaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miezi 6 au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Novemba 2018, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliifuta yote, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na pia iliingilia uhuru wa mahakama. Tangu hapo tumerudi kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kinachoipa Mahakama Kuu yetu nguvu zile zile za Mahakama Kuu ya Uingereza katika mambo ya dharau. Ndiyo kusema kwamba muuza achari wa Kongowea aadhibiwa kwa kipimo kinachochungulia kanuni za London, na Waingereza wenyewe waliziandika upya kanuni hizo mwaka 2020. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Kando ya hiyo kuna lile Agizo la 40, ambalo ni letu: anayevunja zuio aweza kukamatiwa mali yake, na pia kuwekwa jela kwa muda usiozidi miezi 6. Kwa mtu wa Mombasa, jela ni Shimo la Tewa, na jina hilo peke yake limewahi kumaliza kesi ambayo mawakili walikuwa wameshindwa kuimaliza.

Lakini kabla ya kufika huko kuna mambo manne ya kuthibitisha, na kipimo chake si kile cha kesi ya kawaida ya madai. Tangu shauri la Mutitika dhidi ya Baharini Farm la 1985, mahakama zetu husema kwamba ushahidi wa dharau lazima upite mizani ya kawaida ya madai, ukaribie ule wa jinai bila kuufikia kabisa. Sababu ni kwamba uhuru wa mtu uko hatarini.

La kwanza ni maneno ya amri: je, yalikuwa wazi? Hapa ndipo ngalawa ya yule kijana ilipotutia jasho. Iwapo amri ingesema tu “asitumie alama ya jahazi jekundu”, wakili wake angesimama aseme, mheshimiwa, hili si jahazi, ni ngalawa, lina matengo pande mbili, na mtoto yeyote wa Pwani ajua tofauti. Angekuwa na hoja. Amri ya mama, kwa bahati na kwa ustadi wa aliyeiandika, ilisema “alama hiyo au nyingine yoyote inayofanana nayo kiasi cha kuwachanganya wanunuzi”. Kwa hivyo swali halikuwa tena la ufundi wa vyombo vya bahari. Swali likawa la mnunuzi: mtu wa haraka pale Kongowea, mkononi ana mia, jua la saa sita, je, atazitenganisha chupa hizi mbili? Kama hujapata zuio bado, mwambie wakili wako apiganie maneno hayo mwanzoni. Baadaye ni vigumu kuyaongeza.

La pili ni kujua. Zamani kesi nyingi zilikufa kwa sababu tarishi hakumpata mdaiwa, au alimwachia amri shangazi yake. Siku hizi mlango huo umezibwa kidogo. Katika Shimmers Plaza dhidi ya National Bank of Kenya, 2015, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba anayejua amri hawezi kujificha nyuma ya kutokabidhiwa karatasi mkononi, na kwamba wakili wake akiwepo kortini amri inaposomwa, mteja ahesabiwa amejua. Pamoja na hayo mimi bado napenda karatasi imfikie, iwe na onyo la adhabu juu yake, na mpelekaji aape. Jaji mwenye shaka huipenda zaidi karatasi kuliko nadharia.

La tatu ni kuvunja, na la nne ni kuvunja kwa makusudi. Mzigo wa ushahidi wa haya mawili ni wako. Nunua chupa uchukue risiti. Kama hakuna risiti, ujumbe wa M-Pesa wenye tarehe na saa utafaa. Piga picha rafu nzima, duka lionekane. Kama tangazo lake liko mtandaoni au kwenye kikundi cha simu, usidhani picha ya skrini yatosha. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, yataka cheti cha mtu aliyeitoa picha hiyo, akieleza kifaa na jinsi alivyoitoa. Cheti hicho ni ukurasa mmoja tu. Watu hukisahau, na ombi zima huzama nacho.

Na kuna chupa zilizokuwa madukani kabla ya amri. Yule kijana alisema hizo ndizo alizoziona mama, hakutengeneza mpya. Huenda kweli. Ngalawa ndiyo iliyomsuta: kabla ya amri hakukuwa na ngalawa.

Sasa uzuri na ubaya wa njia hii. Uzuri ni kwamba waenda kwa jaji anayeijua kesi, na mkaidi aweza kukataliwa kusikizwa katika maombi yake mengine mpaka ajisafishe, yaani atii na aombe radhi. Ubaya ni kwamba hata ukishinda, senti haiingii mfukoni mwako kwa ushindi huo. Faini ni ya serikali. Fidia yako yabaki kwenye kesi kuu, na kesi kuu ndiyo kwanza imesimama ikingoja ombi hili liishe. Tena majaji wetu, kwa desturi, hawakimbilii jela: humpata mtu na hatia, kisha humwita siku nyingine ajitetee kuhusu adhabu, na akija na radhi na chupa zake zimeondolewa, mara nyingi hurudi nyumbani na onyo au faini. Kama ulikwenda kuona pingu, utaondoka na kinyongo. Kama ulikwenda ili achari itoke madukani, umepata ulichokitaka.

“Dharau ya jinai” ni nini basi?

Mama alikuwa amesikia neno hili kwa mpwawe, aliyesoma habari za Mahakama Kuu fulani ya nje kumtia mtu hatiani kwa dharau ya jinai katika ugomvi wa alama. Akataka na yeye hiyo hiyo, kwa sababu “jinai ndiyo kali”.

Hili ni jina, wala halipimi ukali. Dharau ya madai ni kutotii amri iliyotolewa kwa faida yako. Dharau ya jinai ni kuishambulia kazi ya mahakama yenyewe: kuwatukana majaji kwa namna ya kuangusha heshima ya korti, kutishia shahidi, kumzuia ofisa aliyetumwa na korti, kuleta hati za kughushi ili jaji adanganyike. India wameliandika hili bayana katika sheria yao ya 1971. Huko mtu binafsi anayetaka kuleta dharau ya jinai ni lazima kwanza apate idhini ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo au wa serikali, na shauri husikizwa na majaji wasiopungua wawili. Adhabu yake? Miezi 6, au faini isiyozidi rupia 2,000, au vyote. Ni sawasawa na ile ya dharau ya madai. Mpwawe mama hakufika mstari huo.

Hapa kwetu, baada ya sheria ya 2016 kufutwa, mgawanyo huo umebaki kwenye maamuzi ya mahakama. Iwapo mpinzani wako ameghushi barua ya KIPI akaiapia, au vijana wake wamempiga tarishi, mwambie wakili ailete mbele ya jaji. Korti itajua la kufanya na aliyeidharau. Kuuza achari yenye ngalawa si hilo. Ukiliita jinai ili lionekane kubwa, wajiongezea mzigo wa ushahidi bure.

Mkono wa jinai wenyewe

Mkono huu ndio ulio mkali kweli, nao hauendeshwi na jaji wako. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia, namba 13 ya 2008, inampa mwenye haki nafasi ya kulalamika kwa Mamlaka, ambayo ina ofisi hapa Mombasa, na si ajabu ukikumbuka bandari ya Kilindini iko hapa. Wakaguzi wake wanaweza kuingia ghalani, kukamata mali na mashine, kufunga mahali. Kosa la kwanza: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini kwa kila bidhaa isiyopungua mara 3 ya bei yake ya rejareja, au vyote. Akirudia: hadi miaka 15, au faini isiyopungua mara 5, au vyote. Piga hesabu ya chupa elfu mbili za shilingi mia mia uone inavyopanda.

Kwa kasi ya kuondoa mali, hakuna njia inayoifikia hii. Lakini zingatia mambo mawili. Ukishalikabidhi shauri, si lako tena. Mwendesha mashtaka ni wa umma, wewe ni shahidi. Ukipatana na mpinzani wiki ya tatu, hutaweza kuingia kortini ukasema tumeyamaliza wenyewe faili ifungwe. Na hatia ya jinai hutaka kusiwe na shaka ya maana. Nakala ya sawasawa, lebo ile ile, hiyo yaenda vizuri. Mfanano wa kubishaniwa, jahazi kwa ngalawa, hapo wakili wa utetezi hupata pa kupumulia. Neno “bandia” lenyewe limewahi kuleta kasheshe: mwaka 2012 Mahakama Kuu iliona tafsiri yake ilikuwa pana kiasi cha kutishia upatikanaji wa dawa za bei nafuu za virusi vya ukimwi.

Kuna pia kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu, kutotii amri halali, hadi miaka 2. Polisi hawana hamu nacho katika ugomvi wa nembo, wala sipotezi maneno hapa.

Je, waweza kuendesha jinai na madai pamoja? Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 193A, yasema moja haizuii nyingine. Ila usitumie mashtaka kama koleo la kumbania mtu alipe deni la madai. Mahakama Kuu imewahi kusimamisha kesi za namna hiyo, na ukinusa kwamba jaji ameanza kukuona wewe ndiye mkorofi, umekwisha.

Kukaa kitako

Watu wa Mombasa hupenda njia hii kwa mdomo na kuikosea kwa kalamu. Wazee wa mtaa waitwa, kahawa na tende zaletwa, kijana akubali makosa, watu wapeana mikono. Miezi miwili baadaye ngalawa yarudi, na mama hana pa kuishika, kwa sababu makubaliano ya barazani si amri ya korti.

Katiba, ibara ya 159, yazitaka mahakama zihimize upatanishi, na korti zina mpango wao wa upatanishi ndani ya mfumo. Mtakachokubaliana kiandikwe, kitiwe saini, kipelekwe kwa jaji kikapitishwe kuwa amri. Hapo akivunja, warudi moja kwa moja kwenye ombi la dharau, tena ukiwa na amri aliyoikubali kwa mkono wake mwenyewe. Na hii ndiyo njia pekee kati ya tatu ambapo waweza kuandika mambo ambayo jaji asingekupa: mali iliyobaki iuzwe ndani ya siku thelathini kwa lebo nyeupe, alipe gharama za wakili kwa awamu, abadilishe umbo la chupa.

Haifai kwa mtu aliyekwisha kukuahidi mara mbili. Wala haifai kwa mtu usiyemjua anapotoka, anayeshusha katoni usiku na kesho hana duka.

Basi mama achague ipi?

Mpinzani akiwa kiwanda cha uchochoroni chenye lebo zako zile zile, na cheti chako ki hai, mimi ningekwenda kwa Mamlaka asubuhi hiyo hiyo. Akiwa mtu mwenye duka, jina na anwani, anayecheza na mstari wa amri, ombi la dharau ndilo lake: ana cha kupoteza, na barua ya korti yatosha kumtoa jasho. Akiwa kampuni, mtaje mkurugenzi aliyeijua amri, maana kampuni haina miguu ya kuingia Shimo la Tewa. Suluhu ni ya anayejutia, na kujutia huonekana kwenye rafu za duka lake kabla hajafungua kinywa.

Nilimweleza mama yote haya, si kwa urefu huu. Alisikiliza akiwa ameshika kifuniko cha chupa ya ngalawa. Nikamuuliza kijana mwenyewe ni nani. Akasema kijana alimfanyia kazi miaka minne, yeye mama ndiye aliyemfunza kukata embe, na mamake kijana yuko mlango wa pili kutoka kwake.

“Hizo za Mamlaka tuziwache,” akasema. “Niandikie hiyo ya kwa jaji. Maneno yawe makali. Lakini mwanangu, usiitie mbio sana. Asilale ndani kabla ya Idi.”